Mlango Upi Uko Wazi? Mwongozo wa kupokea wageni katika parokia ndogo ya kale ya Kanisa la Episkopali

Kanisa la Episkopali ni la Kianglikana, lenye makao yake Marekani. Mwanglikana wa Mombasa, Dodoma au Bukavu anayehamia huko na kutafuta pa kusali huenda akaangukia mojawapo ya parokia zake ndogo za zamani: jengo la matofali au mbao, makaburi uani, mlango uliopakwa rangi nyekundu, na waumini wachache ambao wengi wao wana mvi. Akidumu mwaka mmoja au miwili ataombwa asimame mlangoni kupokea wengine. Watu wa kazi ni haba, na wenyeji wanaamini kwamba Waafrika tumezaliwa tunajua kukaribisha. Mwongozo huu ni wake, na wa yeyote aliyechaguliwa kwenye baraza la parokia, ambalo huko huitwa vestry, akakabidhiwa shughuli ya wageni.

Ni kweli tunajua kukaribisha, ila kwa taratibu za kwetu, na baadhi ya taratibu hizo humkimbiza Mmarekani asirudi tena. Wenyeji nao si watu wakali. Wamekaa humo miaka mingi mno hata hawayaoni tena mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua: mlango gani unafunguka, kitabu gani kinashikwa saa ngapi, kiti gani kina mwenyewe. Basi kazi yako ina pande mbili. Mwonyeshe mgeni yale yasiyoandikwa popote, kisha mwachie nafasi ya kupumua.

Hatua ya 1: Fika kanisani kwenu kama hujawahi kufika

Anzia kwenye simu. Andika jina la kanisa lenu na mji, uone kinachotokea. Parokia nyingi hubadilisha saa za ibada wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi mapema Septemba, zikaacha ibada moja badala ya mbili. Tovuti hurekebishwa, lakini ramani ya Google husahaulika, na mgeni huamini ramani. Mgeni aliyefika saa nne na nusu akakuta watu wanaosha vikombe hatasubiri maelezo. Mteue mtu mmoja, awe na nywila za kurasa zote, na azikague kila mara saa zinapobadilika, hasa kabla ya Krismasi, Juma Kuu na kiangazi.

Kisha endesha gari hadi kanisani. Maegesho yako wapi? Ukishashuka, unaona mlango upi? Makanisa haya yana sifa ya mlango mwekundu, mkubwa, unaotazama barabara. Ndio unaopigwa picha. Mara nyingi pia ndio uliofungwa, kwa sababu wenyeji wote huingia kwa kimlango cha ubavuni karibu na maegesho, wakipitia jikoni. Mgeni huvuta kitasa cha mlango mwekundu mara mbili, husikia kinanda kikianza ndani, na hurudi kwenye gari lake. Hakuna atakayejua kwamba alikuja. Ufungueni mlango huo dakika thelathini kabla ya ibada, asimame mtu hapo hata kukiwa na baridi. Ikishindikana kabisa, wekeni kibao chenye mshale na maneno makubwa kuliko mnavyodhani yanahitajika.

Ukiwa ndani, tafuta choo bila kumuuliza mtu. Katika majengo ya karne ya 18 choo kwa kawaida hakimo kanisani, kipo kwenye ukumbi uliojengwa baadaye, ng'ambo ya ua au chini ya ngazi. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu anahitaji kujua hilo kabla ya somo la kwanza.

Halafu ngazi. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu haki za watu wenye ulemavu haiyabani makanisa, kwa hiyo hakuna atakayewalazimisha kujenga njia ya kiti cha magurudumu. Uamuzi ni wenu, na lawama ni yenu. Mtaambiwa kwenye kikao kwamba jengo limeandikishwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, basi haliguswi. Si hivyo. Kuwemo kwenye orodha ile peke yake hakumzuii mwenye jengo kulibadilisha kwa fedha zake mwenyewe. Kinachoweza kuzuia ni kamati ya mji au ya wilaya inayosimamia eneo la kihistoria, na kamati za namna hiyo zimeshazoea maombi ya njia za magurudumu. Ulizeni kwanza, kwa maandishi, ndipo mseme historia hairuhusu.

Hatua ya 2: Ijue historia yenu, hata ile isiyo kwenye kipeperushi

Parokia ya kale huipenda historia yake, na wazee wake hupenda kuisimulia. Utawasikia wakieleza jinsi Samuel Seabury alivyolazimika kwenda Uskoti kuwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1784, kwa kuwa maaskofu wa Uingereza hawakuweza kumweka mtu asiyekula kiapo cha utii kwa mfalme. Jinsi Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kimarekani kilivyopitishwa 1789. Na nani maarufu aliwahi kukaa benchi lipi. Katika Christ Church ya Alexandria, Virginia, kanisa lililomalizika 1773, wageni bado huonyeshwa sehemu aliyokaa George Washington. Mambo haya ni matamu, lakini mgeni aliyekuja kusali baada ya kufiwa hakuja kwa ziara ya makumbusho. Mpe sentensi mbili. Akitaka zaidi atauliza, na hapo umpeleke kwa mzee anayeijua vizuri. Utakuwa umewafurahisha wote wawili.

Ila ipo historia nyingine ambayo mkaribishaji hana ruhusa ya kutoijua. Makanisa mengi ya enzi hizo yana roshani juu, nyuma. Katika mengi, ndipo walipokalishwa watumwa na watu weusi walio huru. Chini, familia zenye uwezo zilikodisha au kununua mabenchi yao, na desturi hiyo iliendelea katika parokia nyingi hadi karne ya 19, kwingine hata ya 20. Namba na vibao vya shaba unavyoviona kwenye milango ya mabenchi vimetoka huko. Kwa hiyo bibi anayesema "hiki ni kiti changu" ana karne mbili nyuma yake, hata kama hazijui.

Kisa kinachofaa kusomwa na kila mkaribishaji kilitokea Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18, katika kanisa la Wamethodisti la St. George's. Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa akaja kupata uhuru wake, alikuwa amepiga magoti katika sala pamoja na wenzake weusi. Wasimamizi wa kanisa wakaja kumwinua, wakimtaka ahame sehemu ile. Aliomba waache sala iishe kwanza. Hawakuacha. Sala ilipokwisha, watu weusi waliondoka wote kwa pamoja. Absalom na wenzake walijenga kanisa lao, St. Thomas, lililofunguliwa 1794 na kupokelewa katika Kanisa la Episkopali, naye akaja kuwa kasisi wa kwanza mweusi katika kanisa hilo. Leo anakumbukwa katika kalenda kila tarehe 13 Februari. Waliomwinua walijipa kazi ya kuamua nani akae wapi, kazi inayokaribiana sana na ile uliyopewa wewe.

Mwaka 2006 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Episkopali uliomba radhi kwa jinsi kanisa lilivyoshiriki katika utumwa, na Oktoba 2008 ibada ya toba ya kitaifa ilifanyika katika kanisa hilo hilo la St. Thomas. Nakueleza haya kwa sababu ya kivitendo kabisa. Mmarekani mweusi akiingia kanisani kwenu akaitazama ile roshani, huenda swali akakuuliza wewe, kwa kuwa sura yako inafanana na yake. Usiseme "mimi si wa hapa, sijui." Jua nani alikaa juu, jua kama wamo makaburini na kama makaburi yao yana alama, na jibu kwa ufupi na ukweli. Kama parokia yenu haijawahi kuchunguza daftari zake, hilo lipelekwe kwenye baraza.

Hatua ya 3: Mlangoni, watu wawili wanatosha

Parokia yenye watu thelathini ikimwona mgeni hupatwa na kiherehere. Wote wanamrukia. Pangeni wawili tu kwa zamu: mmoja nje au barazani, mmoja ndani penye karatasi za ibada. Wengine watabasamu na kubaki walipo.

Usimuulize mtu "wewe ni mgeni?" Anaweza kuwa amesali ibada ya saa mbili asubuhi kwa miaka ishirini, na wewe ndiye usiyemjua. Jitaje kwanza: "Sidhani tumewahi kukutana, naitwa fulani." Atajieleza mwenyewe kadiri anavyotaka.

Swali letu pendwa, "unatoka wapi?", liache nyumbani. Kwetu ni adabu ya kawaida, mlango wa kujuana mpaka kupata jamaa wa pamoja. Huko, kwa mtu mwenye lafudhi au rangi tofauti na wengine, mara nyingi linasikika kama "hapa si kwenu." Hata ukikutana na mtu unayehisi ni wa kwetu, ngoja. Akisikia jina lako atajua, na Kiswahili kitakuja chenyewe.

Kisha kiti. Usimpeleke mbele. Mbele hataona wengine wanasimama lini na wanapiga magoti lini, na atakuwa anageuka nyuma muda wote. Theluthi ya nyuma, upande, karibu na njia, ndipo pazuri. Kama kanisa lenu lina yale mabenchi ya zamani yaliyozungushiwa ubao kama vibanda, yaliyojengwa marefu ili kuzuia baridi, mfungulie mlango wa kibanda wewe mwenyewe. Wapo watu wanaosimama kwenye njia wakidhani ni ya familia fulani na hawathubutu kugusa komeo. Na kabla hajaketi, hakikisha hakuna mwenye kiti chake. Zungumzeni na hao wenye viti vyao faraghani, kwa heshima ya umri wao. Mzee mmoja akikubali kuwa jirani wa wageni badala ya mlinzi wa benchi, mmepata mkaribishaji bora kuliko wote.

Sasa lile jambo letu. Huku Afrika Mashariki, wakati wa matangazo, wageni husimamishwa, hutaja majina na makanisa walikotoka, hutoa salamu, hupigiwa makofi, pengine na wimbo. Asiposimamishwa mtu hujiona hakuonekana. Katika parokia ndogo ya Marekani, kumsimamisha mgeni mbele ya watu thelathini ni kumwadhibu. Wengi wanarudi kanisani baada ya miaka mingi, wengine wana majeraha ya kanisa lingine, na wamechagua kanisa dogo la kimyakimya makusudi. Acheni. Kasisi aseme kwa ujumla kwamba anafurahi kuwaona waliokuja kwa mara ya kwanza, na aendelee na matangazo. Lakini akija mgeni wa kwetu, hasa mtu mzima aliyetoka kwa wakimbizi wa Kongo au kijijini Tanzania, mwulize pembeni kabla ya ibada kama angependa kutoa salamu. Wapo watakaosimama kwa furaha na kuwaimbia pambio moja, na wenyeji watalizungumzia hadi Pasaka.

Hatua ya 4: Vitabu vitatu na mikono miwili

Mgeni hukuta mbele yake Kitabu cha Sala cha 1979, kitabu cha nyimbo cha 1982, na karatasi ya ibada inayomrusha kutoka kimoja hadi kingine. Ekaristi kwa lugha ya kisasa inaanza ukurasa wa 355. Toba iko 360. Kisha, kutegemea sala kuu iliyochaguliwa, kasisi anaruka kurasa bila kusema, na Baba Yetu inamkuta mgeni bado anapekua. Halafu yanakuja maandishi ya "S 280" kwa ajili ya Utukufu. Mgeni anafungua wimbo wa 280, anakuta wimbo mwingine kabisa, maana namba zenye herufi S ziko mwanzoni mwa kitabu, kwenye sehemu ya muziki wa ibada. Hata Mwanglikana wa kuzaliwa hupotea hapo.

Dawa yake inajulikana: chapisheni ibada nzima kwenye karatasi, maneno yote ya kusemwa na watu, pamoja na nyimbo ambazo haki zake zinaruhusu. Wekeni nakala chache za herufi kubwa. Wapo watakaonung'unika kuhusu karatasi na kuhusu heshima ya Kitabu cha Sala. Waambieni vitabu vibaki kwenye viti, mwenye kukipenda akishike.

Kama baraza halikubali, basi iwe kazi ya jirani. Jirani mwema hakabidhi kitabu chake kilichofunguliwa na kubaki mikono mitupu; hushika upande mmoja, mgeni akashika mwingine, au hunong'ona namba ya ukurasa. Waongezeeni pia sentensi moja mwanzoni mwa karatasi: simama, keti au piga magoti kadiri uwezavyo, wala hakuna anayekuangalia.

Kwa Mwanglikana wa kwetu kuna faraja hapa. Mpangilio wa ibada ni ule ule alioukulia, kuanzia masomo, Injili, imani, maombi, toba, amani, hadi meza. Hata Kiingereza kikiwa kigumu, atajua alipo. Mwombeni kasisi aalike watu waseme Baba Yetu kila mmoja kwa lugha ya moyo wake. Inachukua muda ule ule.

Hatua ya 5: Mezani pa Bwana, sema wazi

Hakuna mahali ambapo mgeni huogopa kukosea kama hapa, na hakuna mahali ambapo sisi huchukulia kwamba kila mtu anajua. Kanuni za Kanisa la Episkopali zinaalika wote waliobatizwa, wa dhehebu lolote. Si lazima awe amewekewa mikono na askofu (kipaimara), wala si lazima awe Mwanglikana. Asiyebatizwa, au asiyetaka kupokea, anakaribishwa kuja mbele akikunja mikono kifuani apewe baraka, au kubaki alipo bila kuulizwa. Haya yaandikwe kwenye karatasi na kasisi ayaseme kila Jumapili, hata Jumapili ambayo unadhani hakuna mgeni.

Yasemwe na mengine ambayo hayasemwi. Divai ni divai yenye kileo. Aliyeacha pombe, au aliyelelewa kuikwepa, apokee mkate tu, na mkate peke yake ni ushirika kamili. Kama mna mkate usio na ngano, mgeni aambiwe amwombe nani. Wengine hunywa kikombeni, wengine huchovya; parokia yenu hufanyaje?

Kuhusu amani: parokia ndogo hugeuza amani kuwa sherehe, watu wakazunguka kanisa zima wakikumbatiana dakika tano. Ni kitu kizuri mno kwa wanaojuana. Mgeni hubaki amesimama katikati ya mawimbi. Mpe mkono, mtazame usoni, "amani ya Bwana," basi. Usimkumbatie asiyefungua mikono.

Hatua ya 6: Kahawa ndiyo mtihani

Watu wengi huamua kurudi au kutorudi wakiwa ukumbini, na kikombe mkononi, wakisubiri kuona kama kuna atakayewasemesha. Wenyeji hawajaonana wiki nzima. Wanakusanyika wawili wawili kuulizana habari za goti la fulani na paa linalovuja. Hakuna nia mbaya. Mgeni hunywa kahawa yake haraka na kuondoka.

Wekeni kanuni ya dakika kumi. Kwa dakika kumi za kwanza, hakuna mwanabaraza anayezungumza na mtu anayemjua vizuri, wala habari za paa. Na mgeni asiambiwe tu "kuna kahawa ukumbini", apelekwe, kwa miguu, na jirani yake wa benchi, kisha akabidhiwe kwa mtu wa pili kwa jina: "Huyu naye ana watoto wadogo," au "Huyu naye ni mwuguzi." Kukabidhi huko ndiko wengi husahau. Ukishamfikisha mtu mezani ukamwacha, hujamfikisha.

Wekeni na chai, tafadhali. Si kila mtu anaiweza ile kahawa.

Watoto wapewe kitu cha kufanya, na mzazi aambiwe mapema, kwa mdomo, kwamba kelele za mtoto hazimsumbui mtu. Kama mna chumba cha watoto, wanaowaangalia wawe watu wazima wawili na wawe wamepitia mafunzo ya ulinzi wa watoto ambayo dayosisi hudai. Kwetu shangazi yeyote hubeba mtoto yeyote. Huko usimchukue mtoto wa mgeni mkononi bila kuombwa, wala usijitolee kumrudisha nyumbani peke yake kwa gari lako.

Na bahasha za ahadi ya sadaka zisionekane. Kila vuli parokia hizi huomba waumini waandike ahadi zao za mwaka unaofuata. Mgeni anayefika Oktoba anaweza kusikia habari za fedha kuanzia mahubiri hadi kahawa. Mwambie waziwazi kwamba hilo ni la wenye nyumba, yeye amekuja kusali.

Hatua ya 7: Jumatatu

Andika jina lake kwenye daftari mara tu anapoondoka, pamoja na jambo moja alilokueleza. Usitegemee kumbukumbu. Parokia nyingi ndogo hazina kasisi wa muda wote. Huyu wa leo huenda haji tena hadi mwezi ujao, na Jumapili nyingine sala ya asubuhi huongozwa na walei. Kwa hiyo daftari likae kwa baraza, lisikae kwa kasisi.

Kama aliacha anwani au barua pepe, mwandikieni kabla ya Jumatano. Mistari mitatu, kwa mkono ikiwezekana: tumefurahi kukuona, ulitaja mgongo wa mama yako na tumemkumbuka katika maombi, karibu tena. Msimwingize kwenye orodha ya matangazo bila ruhusa yake.

Kumtembelea ni suala tofauti. Wazee wa kanisa kwetu wangeshapanga siku ya kwenda nyumbani kwake, wakafika na sukari na sala. Mmarekani akifungua mlango akakuta watu watatu wa kanisa ambao hakuwaalika, ujue mmeshampoteza. Lakini familia ya Kikongo iliyohamia miezi miwili iliyopita inaweza kusubiri ugeni huo na kuona kwamba kanisa halikujali, kwa kuwa hakuna aliyefika. Uliza tu: "Naweza kupita kukusalimu siku moja?" Jibu litakuonyesha uko na nani. Na Jumapili ya pili, mwite kwa jina lake lililotamkwa sawasawa. Kama ni gumu kwa wenyeji, lifundishe wewe, mara moja kwa kila mmoja, bila kulikata liwe la Kizungu.

Hatua ya 8: Maswali yatakayokuja

Kanisa la Episkopali liliruhusu wanawake kuwa makasisi katika Mkutano Mkuu wa 1976. Mwaka 2003 lilimweka wakfu askofu aliyekuwa akiishi na mwenzi wa jinsia yake, na tangu 2015 kanuni zake zinaruhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Kwa sababu hiyo makanisa ya Kianglikana ya Uganda, Kenya na Tanzania, kila moja kwa wakati wake, yalitangaza kwamba ushirika nalo umevunjika au umepungua. Mgeni wa kwetu anaweza kufika bila kujua lolote, akaona kibao chenye neno Anglikana na kudhani amefika nyumbani. Wiki ya tatu atakaa benchi moja na wanandoa wanaume wawili wenye mtoto, ambao nao walikuja kwa sababu kwingine walifukuzwa.

Usimfiche. Akiuliza, mweleze kanisa hili linafundisha nini, na kwamba si waumini wote wana mawazo yaliyo sawa. Usimbishie mlangoni, wala usimwahidi yasiyokuwepo ili abaki. Kwa wale wanandoa, nawe usijifanye msemaji wa Afrika nzima. Kumwambia mtu ukweli mapema, kwa upole, ni sehemu ya ukarimu. Anayegundua baada ya mwaka huondoka na hasira. Akiona dhamiri yake haimruhusu kubaki, mwelekeze kwa upole kwenye kanisa jingine mjini, na mpigie simu Krismasi.

Hatua ya 9: Jembe lenyewe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Parokia ndogo hukosea pande zote: ama humpa mgeni jembe siku ya kwanza, kwa kuwa mweka hazina anataka kustaafu, ama humwacha miaka kumi akiitwa "wale wageni wetu."

Baada ya miezi miwili mitatu, mpe kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho. Asome somo la Jumapili fulani. Alete maua ya Pentekoste. Asaidie siku ya kusafisha makaburi. Usianze kumpeleka kwenye chama cha wanaotunza madhabahu; chama hicho kina sheria za kukunja vitambaa ambazo hazijaandikwa, na mtu anaweza kulia humo. Wala usimwombe ahesabu sadaka.

Tahadhari moja nasema kwa ukali kidogo. Mgeni Mwafrika asiwe pambo. Utaona anaombwa kuvaa kitenge kwa ajili ya picha ya tovuti, kupiga ngoma Jumapili ya umisheni, kupika wali wa chakula cha pamoja, na hapo ndipo mwisho wake. Kama ni mhasibu, ana mawazo kuhusu hesabu. Kama alikuwa mwalimu wa kwaya Kisumu, anajua kufundisha sauti nne bila nota. Aingie kwenye baraza, apige kura, abishane kuhusu paa. Na wimbo wake uingie kwenye ibada ya kawaida, Jumapili isiyo na jina, pasipo mtu kuutangaza kuwa ni wa "ndugu zetu wa Afrika."

Hatua ya 10: Daftari na barua

Atakaposema anataka kuwa muumini wa kudumu, taratibu ni nyepesi kuliko anavyodhani. Asiyebatizwa hubatizwa. Aliyekwisha kuwekewa mikono na askofu wa Kianglikana, popote duniani, hawekewi tena. Aliyewekewa mikono na askofu Mkatoliki au Mwothodoksi hupokelewa askofu anapotembelea parokia. Muumini aliyebatizwa aliyeshiriki meza walau mara tatu katika mwaka huhesabiwa mshiriki.

Wengi wa kwetu husafiri na barua ya kanisa, yenye muhuri wa parokia na sahihi ya kasisi, iliyotunzwa pamoja na pasipoti. Atakukabidhi kwa mikono miwili. Katibu wa parokia ya Marekani, ambaye huenda hajawahi kuona kitu kama hicho, ataiweka juu ya mashine ya kunakili. Ichukue. Mwombe kasisi aisome mbele ya mwenyewe, jina liandikwe kwenye daftari la waumini, na jibu lirudi kwenye kanisa lililoiandika; kanuni za Episkopali zinatambua barua za namna hiyo kwa wanaohama.

Na kwa kuwa watu huhama sana huko kufuata kazi na kodi nafuu, siku atakapoaga nanyi mpeni barua yake, yenye sahihi, pamoja na saa za ibada za kanisa aendako. Ongezeni na mlango upi uko wazi.